Msimcheke Kanumba, Tujicheke Sisi Waandishi

Ndugu msomaji, leo nina ugomvi. Sigombani na serikali, wala na wachapaji, wala na Wazungu. Nagombana na wewe unayejiita mwandishi chipukizi, unayebana daftari kwapani kila uendako ili watu wakuulize unaandika nini. Na kabla hujakasirika, jua kwamba mtuhumiwa namba moja ni mimi mwenyewe.

Chanzo ni hiki. Jumapili moja nilitoka Kabasa na baiskeli ya kuazima, nikaenda Bunda mjini kuonana na vijana wenzangu wa kalamu. Kijiwe chetu kipo nyuma ya kibanda cha chipsi. Siku nyingine tunakaa sita, siku nyingine wawili. Tunasomeana, tunakosoana, tunaazimana vitabu. Siku hiyo mazungumzo yakahama, yakaangukia filamu. Mmoja wetu, mshairi, tena mzuri bwana, akasema: "Waigizaji ndio waliotuulia wasomaji. Kanumba ndiye aliyewafundisha watu kulia mbele ya televisheni badala ya kusoma kitabu." Tukacheka. Mwingine akaiga Kiingereza cha marehemu, tukazidi kucheka. Na mimi nilicheka, tena kwa sauti.

Wakati wa kurudi, nilipofika kwenye mchanga ambapo baiskeli lazima uishuke uisukume, nikajiuliza: hivi tumecheka nini? Tumemcheka mtu aliyefariki akiwa na umri wa miaka 28, akiwa ameshafanya kazi ambayo nchi nzima ilikuwa inaijua. Mimi nina miaka 26. Nina madaftari makubwa manne na riwaya moja isiyokwisha. Sasa nani amcheke nani?

Hebu tuanze na yanayojulikana.

Steven Kanumba alizaliwa Shinyanga tarehe 8 Januari 1984. Ni mtu wa Kanda ya Ziwa kama sisi, hakuokotwa Oysterbay. Mwaka 2002 aliingia Kaole Sanaa Group jijini Dar es Salaam. Kwa wadogo zangu ambao hawakuikuta Kaole, lilikuwa kundi la maigizo lililokuwa likionekana ITV, na michezo yake kama Jahazi na Dira ilifanya watu wawahi kula ili wasikose. Kumbukeni kwamba televisheni yenyewe huku Bara ilianza mwaka 1994 tu. Kwa hiyo akina Kanumba, Ray na Johari walikuwa wanafanya jambo ambalo bado lilikuwa jipya kabisa: kuigiza mbele ya kamera, kwa Kiswahili, wiki baada ya wiki, mbele ya watu ambao kesho yake wangewasimamisha barabarani na kuwagombeza kwa ubaya walioufanya jana usiku.

Kutoka kwenye runinga akaenda kwenye filamu. Mwaka 2006 alikuwa kwenye Dar 2 Lagos pamoja na wasanii wa Nigeria akina Mercy Johnson, wakati ambapo wengi wetu tulimwona Mnigeria kama kiumbe wa kwenye mkanda tu. Akacheza Oprah, filamu ya mapenzi na usaliti. Akacheza Uncle JJ na This Is It, akiwa na watoto wawili ambao nchi nzima iliwapenda. Angalieni jambo hilo vizuri. Nyota mkubwa akicheza na mtoto hujua kwamba macho ya watu yatamhama yeye, yaende kwa mtoto. Waigizaji wengi wenye majina wanalikimbia hilo. Yeye alilifuata kwa miguu yake. Mwaka 2011 akatoa Devil Kingdom, filamu ya mambo ya giza, na mwenzake humo alikuwa Ramsey Nouah, jina kubwa la Nollywood. Alifungua kampuni yake, akawa mtayarishaji, mwongozaji na mwigizaji kwa wakati mmoja. Alipofariki, kulikuwa na kazi ambazo zilikuwa bado hazijatoka. Ndoa Yangu watu waliiona akiwa kaburini Kinondoni.

Mpenzi wa kuliza, baba wa kuchekesha, mtu wa giza. Mwigizaji wa aina hiyo ni adimu. Waigizaji wetu wengi hukamatwa na nafasi moja wakafungwa humo maisha yao yote. Akianza kama mkwe mkorofi, atakuwa mkwe mkorofi mpaka azeeke. Akianza kama mlevi, hata kanisani watu watamcheka akipita. Kanumba alikataa kufungwa.

Alifariki tarehe 7 Aprili 2012, Jumamosi ya mkesha wa Pasaka. Mambo ya usiku ule mahakama ilishayasikiliza na kuyamaliza, sitayagusa. Mimi nilikuwa darasa la sita. Ninachokumbuka ni Pasaka yenyewe hapa Kabasa. Watu walitoka ibadani wakiwa wamevaa nguo mpya, lakini hakuna aliyekuwa akizungumza habari za nguo wala pilau. Mama yangu, ambaye hajawahi kukanyaga Dar es Salaam, alikaa kwenye kigoda jikoni akafuta macho kwa kanga. Nikamwambia: "Mama, si ni mwigizaji tu?" Akaniambia: "Wewe mtoto nyamaza. Huyu nilikuwa namjua." Siku ya kumwaga, viwanja vya Leaders Club havikutosha watu.

Huyu nilikuwa namjua! Nitajieni mwandishi wa riwaya wa nchi hii ambaye mama wa kijijini alimlilia kwa maneno hayo. Kezilahabi, jirani yetu wa Ukerewe hapo ng'ambo ya maji, mwandishi wa Rosa Mistika, alifariki Januari 2020. Sikuona mtu akifuta macho kwa kanga Kabasa. Mimi nililia, lakini nilikuwa peke yangu, na mshairi wetu akanitumia meseji.

Sasa nisikilizeni, maana hapa ndipo ninapotaka kufika.

Wanaozikosoa filamu za Kanumba wana hoja, na mimi sitawadanganya kwamba hawana. Nimezitazama kwenye banda la video kwa shilingi mia, nikiwa nimekaa kwenye benchi lisilo na egemeo. Kuna maonyesho mtu anatembea kutoka mlangoni mpaka kwenye gari, wimbo mzima unaisha hajafika. Kuna ugomvi ambao watu wanarudia sentensi ileile mara nne. Kuna hadithi inagawanywa sehemu ya kwanza na ya pili, na ukiipima, yote ingetosha kwenye nusu saa. Ni kweli tupu. Lakini waulizeni hao wakosoaji: makosa hayo ni ya nani? Ya uso wa mwigizaji? Ya sauti yake? Hapana bwana. Ni makosa ya maandishi. Hakukuwa na aliyekaa chini akaandika.

Mwajua kazi hizi zilivyokuwa zikifanyika? Filamu nyingi za wakati ule hazikuwa na mswada kamili wenye maneno ya kila mtu. Mwongozaji alikuwa na hadithi kichwani, au orodha ya matukio kwenye karatasi. Anawaambia wasanii: wewe umekuja kudai hela yako, wewe hutaki kulipa, mkeo anatokea jikoni na kusikia. Haya, chukua! Maneno wanayatunga papo hapo kamera ikiwa inazunguka. Ni urithi wa vichekesho vya majukwaani, vya enzi za vikundi kama Muungano Cultural Troupe, ambako msanii alikuwa akitunga huku akitazama hadhira inacheka wapi. Na jukwaani ni njia nzuri sana, maana watu wapo mbele yako wanakujibu. Kamera haijibu. Kamera haicheki. Ndiyo maana mtu anarudia sentensi mara nne: anatafuta pa kwenda na hakuna aliyemwonyesha njia.

Kwa hiyo Kanumba alikuwa anafanya kazi mbili. Anaigiza, na wakati huohuo anatunga anachosema. Halafu anaongoza na wenzake. Halafu anatafuta hela. Mtu huyo alihitaji waandishi kuliko alivyohitaji gari. Na waandishi tulikuwa wapi? Tulikuwa tumekaa tunasema filamu ni za wasiosoma.

Nimesema mtuhumiwa namba moja ni mimi, sasa nakuja kukiri.

Nilipomaliza kidato cha nne nilikuwa na rafiki ambaye sitamtaja. Alikuwa na kipaji cha kutisha. Akiinamisha kichwa kidogo na kukohoa, tayari ni mzee wa kanisa. Akivuta shati upande mmoja, ni mlevi wa gongo anayedai hajalewa. Akijifunga kanga ya dada yake, ni mama mkwe, na wewe unaogopa. Alikuwa na kikundi cha vijana saba, wanafanyia mazoezi chini ya mwembe. Siku moja alinijia nyumbani akanikuta nimekaa na daftari. Akasema: "Kaka, tuandikie mchezo. Sisi maneno yanatuishia. Tukifika katikati tunaanza kupiga kelele tu."

Unajua nilimjibuje? Nilimwambia: "Mimi ni mwandishi wa riwaya. Siandiki vichekesho."

Nilijiona nimesema jambo kubwa. Yeye akanyamaza, akaondoka. Kikundi kikacheza mara mbili tatu, watu wakacheka mwanzo, wakachoka katikati, wakaondoka kabla ya mwisho. Kikafa. Leo rafiki yangu anauza mitumba mnadani. Ukipita pale utamsikia anaita wateja kwa sauti tano tofauti, watu wanasimama kumsikiliza hata kama hawanunui. Mwaka jana nilipita nikanunua suruali. Akanipunguzia bei, halafu akaniuliza bila chuki: "Riwaya yako ilitoka?" Nikasema bado. Akasema: "Itatoka tu, kaka." Ningependa angenitukana.

Na riwaya hiyo yenyewe? Sura tatu za kwanza nilizituma kwa mchapaji mmoja, zikakaa mwaka na nusu bila jibu. Nikazunguka nikilaumu wachapaji. Kumbe kulikuwa na vijana saba, chini ya mwembe, umbali wa kutembea kwa miguu, waliokuwa wanayaomba maneno yangu kwa mdomo wao, na wangeyasema kwa sauti mbele ya wanakijiji wote. Niliwanyima. Mchapaji alininyima mimi, na mimi niliwanyima wao. Tofauti yetu iko wapi?

Najua utakachosema. Utasema kuandikia waigizaji ni kushusha kalamu. Haya, tusafiri kidogo tu, tusiende mbali, tufike Butiama. Mwalimu Nyerere, akiwa kiongozi wa nchi, alikaa akaitafsiri tamthilia ya Shakespeare kuhusu Juliasi Kaizari, ikatoka mwaka 1963. Hakuridhika nayo, akairekebisha, ikatoka tena mwaka 1969, mwaka uleule alipotoa Mabepari wa Venisi. Mtu mwenye nchi nzima ya kuendesha! Hakuchagua riwaya, alichagua maneno ya kutamkwa na waigizaji. Na huyo Shakespeare mwenyewe alikuwa nani? Alikuwa mwigizaji, mtu wa kikundi, aliyewaandikia wenzake. Hata hadithi ya Romeo na Juliet hakuibuni yeye. Ilikuwa imekwisha kuandikwa kwa Kiingereza kama shairi refu mwaka 1562. Kwa hiyo wewe unayesema Kanumba aliiga Wanigeria, punguza sauti. Kuiga si dhambi. Dhambi ni kuishia hapo, na anayemsaidia mwigizaji asiishie hapo ni mwandishi.

Tena tulikuwa na mfano wa kwetu kabisa. Ebrahim Hussein alitoa Kinjeketile mwaka 1969. Penina Muhando alitoa Hatia mwaka 1972. Wale waliona jukwaa ni mahali pa heshima. Ni sisi wa baadaye tulioingiza maringo, tukaigawa sanaa: huku watu wa vitabu, kule watu wa "muvi".

Nizungumzie na Kiingereza, maana tulikicheka kijiweni. Mwaka 2009 Kanumba alialikwa kama mgeni kwenye Big Brother Africa, na alipozungumza Kiingereza, Watanzania wenzake wakamvamia. Magazetini, vijiweni, kila mahali. Na nani walicheka zaidi? Tuliosoma shule zilezile za kata, tunaojua kabisa kwamba ukiamshwa usiku ukaambiwa ujieleze kwa Kiingereza, utatokwa jasho. Tulimcheka ili tusionekane.

Halafu tunalalamika kwamba filamu zake za Kiswahili zina majina ya Kiingereza! The Lost Twins, Red Valentine, Young Billionaire. Kweli yananiudhi. Ndani mtu anasema "shikamoo baba", nje kwenye kasha pameandikwa Kiingereza. Hapo marehemu simtetei. Lakini aibu ile aliitoa wapi? Ni yetu sote. Nami kwenye daftari langu la kwanza, riwaya ya Kiswahili kuhusu wavuvi na wakulima wa pamba, niliandika juu kabisa jina la Kiingereza. Nimelifuta juzi juzi tu. Kwa hiyo jiwe la kumrushia marehemu sina.

Sasa kuna atakayesema: haya yamepita, Kanumba amekufa, habari imekwisha. Haijaisha. Mwaka 2021 ilitoka filamu ya Vuta N'kuvute, iliyoongozwa na Amil Shivji, kutoka kwenye riwaya ya Adam Shafi ya mwaka 1999. Ikaonyeshwa Toronto, Kanada. Mwaka 2022 Tanzania ikaipeleka kushindania Oscar, mara ya kwanza tangu Maangamizi ya mwaka 2001. Angalieni ilikotoka: kwenye riwaya! Riwaya ya Kiswahili, ya Zanzibar, iliyoandikwa na mtu aliyekaa chini akafikiri watu wake wanazungumza vipi. Waigizaji wakapewa watu kamili wa kuwa, na maneno ya kusema. Hiyo ndiyo filamu ninayoona Kanumba alistahili kupewa, na hakuipata. Alikuwa na nyuso nyingi, tukamwachia azitafutie maneno mwenyewe.

Na televisheni je? Tamthilia kama Huba na Jua Kali zimeonyesha kwamba watu wako tayari kukaa mbele ya hadithi ya Kiswahili siku baada ya siku, mwaka baada ya mwaka. Tamthilia ya namna hiyo inakula maneno kama mashine ya kusaga inavyokula mahindi. Nani atayalima? Wewe umekaa kijiweni unaiga Kiingereza cha marehemu.

Basi nataka tufanye mambo matatu. La kwanza, kila mmoja wetu anayeandika riwaya atoe sura moja yenye mazungumzo, awape watu wawili waisome kwa sauti. Ukiona wanajikwaa, jua tatizo si ulimi wao, ni sentensi yako. Mimi nilifanya hivyo mwezi uliopita na nikaona haya: mvuvi wangu alikuwa anaongea kama mwalimu wa mwandiko. La pili, tafuta kikundi cha maigizo kilicho karibu nawe, hata kama ni cha kanisani, uombe kukaa kwenye mazoezi na kunyamaza. Utajifunza kuhusu binadamu kuliko utakavyojifunza kwenye kijiwe chetu. La tatu, ukiandika, andikishana. Nenda COSOTA usajili kazi yako, na makubaliano yawe kwenye karatasi, hata kama mwenye kamera ni binamu yako. Kuwapenda waigizaji kusiwe sababu ya kufa njaa.

Mimi nimeshaanza. Wiki iliyopita nilikwenda tena mnadani. Sikununua kitu. Nilimpa rafiki yangu kurasa kumi na mbili zilizokunjwa mara mbili. Ni mchezo wa watu wanne, kisa cha mzee anayetaka kuuza shamba la familia na wanawe wamekuja na sababu nne tofauti za kumzuia. Akauliza: "Mzee ni nani?" Nikamwambia mzee ni yeye. Akazifungua palepale, juu ya rundo la mashati. Akainamisha kichwa kidogo, akakohoa. Mama mmoja aliyekuwa anachagua gauni akageuka kumtazama.

Akasoma ukurasa wa kwanza kwa sauti. Kwenye mstari wa tano akasimama, akaniambia: "Kaka, hapa mzee hawezi kusema hivi."

Nikatoa kalamu.